Upande Wangu wa Sinia

Bagamoyo, vuli ya 1970

Alhamisi, 1 Oktoba

Nesi Verdiana wa zahanati kaniambia niandike kila ninachokula, asubuhi, mchana na jioni. Nimemwambia kwa kula kwangu mimi atamaliza kusoma kabla hajakaa kitako. Hakucheka. Watu wa bara hawacheki upesi. Basi naandika, lakini nitaandika na mengine, maana daftari ni langu na kalamu nimenunua mwenyewe.

Leo: chai ya rangi. Mchana hamna. Jioni kipande cha muhogo, nikakiacha nusu.

Ijumaa, 2 Oktoba

Nesi mgeni hapa, hanijui, kwa hiyo nimjulishe. Mimi ni Sihaba binti Husseni, mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, hitima, ukinionyesha ua uliojaa watu nakwambia pishi ngapi za mchele zitawatosha, na katika maisha yangu sijakosea zaidi ya sinia moja. Masufuria, miiko, mafiga ya chuma, masinia arobaini ya bati lenye maua, vyote nimevipata kwa mikono hii baada ya Alawi kuniacha na mtoto wa miaka mitatu akaoa Pangani. Hakuna mtu katika mji huu anayeweza kusimama akasema Sihaba alikula changu.

Mwezi uliopita nilipika harusi Mbegani. Nimeshika mwiko nageuza pilau, nikaona sufuria linakwenda mbali kama mtu analivuta. Nilipozinduka niko zahanati, nesi kanishika kifundo cha mkono anasikiliza damu. Akanipandisha kwenye mizani. Kilo thelathini na saba. Nusu gunia la mchele inanishinda uzito.

"Mama, mwili wako umekosa cha kula, sasa unakula moyo," akasema.

Ananiita mama. Sijamzaa.

Jumapili, 4 Oktoba

Mardhiya kaja kutoka Msata, na tumbo lake la miezi saba, jua lote hilo. Nikafurahi, nikatoa mkeka, nikachinjisha kuku. Kumbe kaja na yake.

"Mama, nimekuja kukwambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Nitazalia kwa mama Rajabu."

Mama Rajabu ni mkwe wake. Nikamuuliza, "Mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Mimba ya kwanza mtu anazalia kwao. Watu wataniuliza nilikufanya nini."

Tulikuwa tumeshakaa kwenye sinia. Akanyoosha kidole upande wangu. "Tazama hapo, mama."

Nikatazama. Upande wake umechimbika mpaka bati linaonekana. Upande wangu wali umesimama kama ulivyopakuliwa, na mapaja yote mawili ya kuku yako kwake, nimemsukumia.

"Nimekula na wewe sinia moja tangu nina meno," akasema. "Wewe unanisukumia nyama, halafu unakaa unanitazama nikitafuna. Nilikuwa nikimeza najiona mwizi. Mwanangu hatajifunza kula hivyo."

Nikamwambia nilimlea peke yangu, nikamsomesha, nyama nilimpa kwa sababu nampenda. Akasema anajua. Lakini kapitia zahanati, nesi keshamweleza kuwa kuna watu wengine wenye shida za kula, wanakutana kila Jumanne. "Nenda huko mpaka Idi. Idi nitakuja, tutakaa hapahapa. Upande wako ukiisha, nitabaki nizalie kwako. Usipoisha, mama, nitarudi zangu."

Nikamjibu neno ambalo siliandiki. Akaondoka na basi la saa nane.

Leo sikula. Kuku nimempa jirani.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimekwenda. Nimekwenda ili nisiambiwe sikwenda.

Ni ukumbi wa nyuma ya zahanati, mkeka, na sinia la wali wa nazi na mchuzi wa nguru. Tumo wanne. Mwalimu Gertruda wa shule ya msingi, mtu wa misheni, mnene wa wastani, huwezi kumdhania. Yeye hula sana, peke yake, kisha hujitapisha. Mwanvita, binti wa miaka ishirini na kitu, muuza mikeka, chakula hataki, anakula udongo wa kichuguu na mchele mbichi. Udongo anaufunga kwenye ncha ya kanga kama watu wanavyofunga pesa. Wa nne ni Mrisho, fundi cherehani wa karibu na soko. Mkewe alikufa mwaka jana, na tangu siku hiyo chakula cha mkono mwingine hakimpiti kooni.

Nesi kamweka Mrisho sinia moja na sisi wanawake watatu. Tukatazamana. Mrisho kavaa kofia yake vizuri, akasema kwa adabu, "Dada nesi, huko kwenu labda. Hapa ukinilisha sinia moja na wake za watu, kwanza nitapona, halafu nitauawa."

Nesi akawa mwekundu ingawa ni mweusi kuliko mimi. Mrisho akapewa sahani yake, akageukia ukuta. Fundi wa watu, anafinyanga matonge, ukuta ukimtazama.

Masharti matatu. La kwanza, kila mtu upande wake, hakuna kumsukumia mwenzio. La pili, hakuna kusema "nimeshiba", utasema "nimefikia hapa." La tatu, mkishamaliza hakuna kuinuka mpaka azana ya adhuhuri, mnakaa mnazungumza. Hilo nikajua limewekwa kwa ajili ya mwalimu.

Nilikula matonge manne. Chumvi ilipungua, na wali umepikwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Jumatano, 7 Oktoba

Chai. Maandazi, nusu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza. Kuni zimelowa. Uji.

Jumanne, 13 Oktoba

Mwalimu Gertruda kala upande wake wote na kidogo cha upande wa Mwanvita, huku jasho linamtoka. Kisha akakaa ameng'ang'ania mkeka kwa mikono miwili, midomo imemkauka, anangoja azana. Ilipoadhiniwa tu akatoka mbio kuelekea nyuma ya mnazi.

Nilikasirika. Mchele ule umelimwa na mtu, ukapukuswa, ukapepetwa, nazi imekunwa, yeye anakwenda kuumwaga mchangani. Nikamwambia nesi huyu hafai kukaa kwenye chakula cha watu. Nesi akasema, "Na wewe chakula chako huwa kinakwenda wapi, mama?"

Changu kinakwenda kwa walaji. Tofauti ipo.

Matonge sita.

Jumamosi, 17 Oktoba

Maulidi Mtaa wa Pwani, pishi ishirini na mbili. Niliyapika kwa kukaa kwenye kibao. Naonja chumvi natema, kama siku zote. Leo nilijiona nikitema. Sijui kwa nini nimeandika hivi.

Jumanne, 20 Oktoba

Siku ya kupimwa. Kilo thelathini na tisa! Nesi akapiga makofi. Nikashuka kwenye mizani kwa uzuri kabisa, ila kibindo kikalegea, na jiwe langu la mizani ya mchele, lile la ratili mbili, likaanguka sakafuni, likabiringika mpaka kwenye kiatu chake. La pili likafuata.

Mwanvita alicheka mpaka akakaa chini. Mrisho, mgongo ukiwa umetugeukia, akasema, "Bi Sihaba, hongera, umezaa mapacha."

Nesi akayaokota mawe, akanirudishia. "Utayahitaji dukani," akasema, akanipima tena. Sikuongezeka hata kidogo. Hakunigombeza. Heri angenigombeza, ningejua la kujibu.

Alhamisi, 22 Oktoba

Mvua. Ndizi mbili, zote. Naandika ili ijulikane.

Jumanne, 27 Oktoba

Nesi kaniambia Ramadhani inayokuja nisifunge. Moyo unapiga polepole mno.

Nikasimama. Nikamwambia mimi tangu nimevunja ungo sijala Ramadhani ila kwa udhuru wa kike, na kila mwaka nalipa, na nikishalipa nafunga zile sita za baada ya Idi, na Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima. Mkristo wa Bukoba asinifundishe dini.

"Sikufundishi, mama. Muulize maalim wako."

Mrisho akageuka, mara ya kwanza tangu tuanze. "Bi Sihaba," akasema, "wewe Ramadhani huwa inakukuta njiani. Ulishatangulia zamani."

Nikaondoka kabla ya azana.

Ijumaa, 30 Oktoba

Nilikwenda kwa Maalim Sadallah nikiwa na uhakika. Alikuwa anapigilia mguu wa meza ya chuo, misumari mdomoni. Nikamweleza. Akatoa misumari akasema mgonjwa hafungi, aya iko wazi, akipona atalipa, asipopona atalisha maskini. Nikamwambia mimi si mgonjwa, mimi nimekonda. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Bi Sihaba, ulipika harusi ya mwanangu. Watu wakasifu. Mimi nikakuona umekaa jikoni na kikombe cha maji. Nikadhani umefunga. Siku ile ilikuwa Idi Kubwa ya tatu, siku isiyofungwa." Akarudisha misumari mdomoni.

Idi ya tatu. Mtu anakumbuka jambo kama hilo miaka minne.

Jumapili, 1 Novemba

Mwezi umeandama. Mji mzima umefunga. Mimi nimefunga mlango, komeo la juu na la chini, nikaziba ufa wa dirisha kwa kitambaa, nikala uji saa nne ya asubuhi, nimekaa kwenye kona kama mwizi. Miaka yote najificha nisile. Leo najificha nile.

Nje watoto walikuwa wakisema mate yamewakauka, na wana furaha. Sijawahi kuwa peke yangu kama leo, na nimezoea.

Jumanne, 3 Novemba

Mrisho amefunga, haji mchana. Mwanvita amefunga, ingawa najua udongo wake hauachi. Tumekaa wawili, mimi na Mwalimu Gertruda, katika chumba cha dawa, madirisha yamefungwa, harufu ya spiriti na wali. Akala, nikala. Kisha akasema, "Bi Sihaba, nishike mkono mpaka azana."

Nikamshika. Mkono ulikuwa wa baridi. Nikafikiri: huyu anapambana na kuinuka, mimi napambana na kukaa. Azana ilipoadhiniwa hakutoka. Akaomba tuendelee kidogo.

Nilimwambia mchele ule umepikwa na mtu asiyejua maji. Akacheka.

Jumanne, 10 Novemba

Kilo thelathini na tisa. Bila mawe.

Jumatano, 11 Novemba

Nilisahau komeo la chini. Saa sita mchana jirani yangu Chausiku kasukuma mlango, kaja kuazima mbuzi ya nazi, hodi akaipigia ndani. Nina bakuli mkononi na tonge mdomoni.

Tukatazamana. Nikameza.

"Mie sikuona kitu, shoga," akasema. Mtu akisema hivyo, ujue mpaka alasiri mtaa mzima umeona.

Ijumaa, 13 Novemba

Bwana Salumu, ambaye harusi ya bintiye ingekuwa siku ya nne baada ya Idi, pishi sitini, kubwa kuliko zote nilizopewa mwaka huu, kamtuma mdogo wake. Kasimama nje, hakuingia.

"Kaka anasema watapika wenyewe. Anasema watu wanasemasema. Mpishi anayekula mchana wa Ramadhani, nani atakula mkono wake?"

Nikamwambia mimi mgonjwa, aulizwe Maalim Sadallah. Akasema, "Mbona unapika pishi ishirini umesimama, ukiambiwa ufunge ndiyo mgonjwa?"

Nilipika nimekaa kwenye kibao. Sikumwambia. Utamweleza nini mtu aliyesimama nje?

Jumamosi, 14 Novemba

Nimefunga.

Jumapili, 15 Novemba

Nimefunga. Nimekaa barazani makusudi, watu wanione midomo mikavu. Chausiku kapita, kasema, "Ramadhani njema, Bi Sihaba." Nikamjibu.

Jumatatu, 16 Novemba

Nimefunga. Wakati wa futari tende moja na maji. Daku sikuamka. Ile hali imerudi, na lazima niiseme ilivyo: ni tamu. Kichwa chepesi, mikono safi, kama mtu aliyeshinda kesi. Hakuna anayenidai kitu. Hakuna anayeweza kuninyooshea kidole.

Jumanne, 17 Novemba

Sikwenda. Nimefunga.

Jumapili, 22 Novemba

Naandika kwa taabu, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, daftari linateleza.

Jumatano ile, nikiwa bado nimefunga, nilibandika tui la nazi kwa futari, si yangu, ya kupeleka msikitini, watu wajue Sihaba yumo. Najua niliinama kukoleza moto. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka sauti ya sufuria. Tui lilinimwagikia toka kiwiko hadi kidole. Aliyenikuta ni Chausiku, safari hii karudisha mbuzi. Ndiye aliyenibeba yeye na mtu wa kuokota njiani mpaka zahanati, na ndiye aliyelia, wanasema, kuliko wote. Sijui nimweke wapi sasa.

Verdiana alinilaza siku tatu. Kilo thelathini na sita na nusu. Hakuniambia "nilikwambia." Aliniosha mkono, akanilisha uji kwa kijiko, na kila kijiko anangoja nimeze kwanza. Nikamwambia nimechoka, mwache mzee afe. Akasema, "Una miaka arobaini na sita. Mama yangu ana sitini na anapanda mti wa kahawa. Fungua mdomo." Akacheka. Kumbe anajua kucheka.

Jana alasiri amenirudisha nyumbani, na wakaja wote. Gertruda kaleta ndizi mbichi. Mwanvita kapika futari kwenye jiko langu, mimi nikitoa amri kitandani: maji zaidi, moto kidogo, usigeuze. Nilimwona akichota mchele mbichi kwenye gunia langu anatia mdomoni, akaniona nimemwona. Nikamwambia, "Tema, uoshe, utie sufuriani, utaula ukiiva." Akatema. Mrisho alikuja na kitenge alichopinda pembeni, zawadi, akakaa karibu na mlango.

Magharibi ilipoadhiniwa wakafungua pale chumbani kwangu. Mrisho kaomba sahani yake isogezwe, asikae na ukuta tena. "Nimechoka na uso wake," akasema. Tukaweka sinia letu, yeye akakaa kando, ametugeukia nusu, sahani yake inagusa ukingo wa sinia. Akatia tonge. Akakaa nalo muda mrefu. Akalimeza. Mwanvita akaacha kutafuna.

Kisha nikazungumza. Sijui kwa nini jana. Nikawaambia mama alikufa nina miaka sita, baba akanioza kwa masimango ya mama wa kambo. Si kunioza ndoa, lakini ndivyo ilivyokuwa, niliishi nayo kama mtu anavyoishi na mume. Akipakua alikuwa anahesabu matonge yangu kwa sauti, mbele ya wageni. "La tano hilo. La sita. Huyu baba yake analima kwa ajili ya tumbo lake." Darasa la nne akanitoa shule, kwa kuwa anayekula lazima atumike. Siku moja, ninafikiri nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaacha sinia baada ya tonge la tatu, nikasema nimeshiba. Akakosa la kuhesabu. Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenyamaza.

"Ikawa ndiyo silaha yako," akasema Gertruda.

"Ndiyo. Na sikuiweka chini hata alipokufa."

Mrisho akauliza, "Sasa nani anahesabu, Bi Sihaba?"

Nikataka kujibu. Nilikuwa nimeshaliona jibu toka mwanzo wa futari: nilikuwa nahesabu. Matonge yangu, matonge yao, wote wanne. Mpishi mwenye hesabu kali kuliko wote mjini. Na Mardhiya, miaka yote ile, nimekaa mbele yake nikimtazama anatafuna. Sikumsimanga hata siku moja, Mungu shahidi. Lakini mtoto alisikia hesabu.

Sikula mengi. Nilifikia hapa, kama tunavyosema. Lakini sikuhesabu, ndiyo maana siandiki idadi.

Jumanne, 24 Novemba

Uji, ndizi, wali wa nazi. Daku naamka, si kwa ajili ya kufunga, kwa ajili ya kula na mji. Chausiku hupiga ukuta kuniamsha. Nami hugonga kujibu. Mchana nakula mlango umefungwa. Huyohuyo Chausiku amemwambia kila mtu kuwa mimi mgonjwa, kwa nguvu ileile aliyowaambia mwanzo.

Harusi ya Bwana Salumu haikurudi. Kaajiri mtu wa Dar. Pishi sitini, zitamfia mkononi.

Ijumaa, 27 Novemba

Mvua kubwa, siku ya tatu. Wanasema Ruvu umejaa. Nimeosha sinia moja katika arobaini, nikalisugua kwa majivu, nikaliegemeza ukutani. La mimi na Mardhiya, siku ya Idi.

Jumanne, 1 Desemba, Idi

Niliamka mapema, nikapika pilau. Pishi moja tu, ila nilinunua nyama nzuri. Nikatandika mkeka. Nikangoja. Watu wakapita na watoto wao wamevaa mashati mapya yenye mikunjo ya dukani. Adhuhuri. Alasiri.

Alasiri utingo wa lori la chumvi kapiga hodi. "Wewe ndiye mama Mardhiya? Wa Msata wanakusalimu. Kajifungua juzi, mtoto wa kike. Uchungu ulimwanza kabla ya siku zake. Wote wazima."

Nikamshukuru, nikampakulia pilau kwenye jani la mgomba. Nikarudi kwenye mkeka.

Kwa hiyo mchezo umekwisha, hakuna wa kuamua. Nimekwenda Jumanne zote ila moja, nimekunywa uji kama mtoto, nimepoteza harusi, nimeungua mkono, na mjukuu wangu amezaliwa kwenye nyumba ya watu. Nilikaa mbele ya sinia la wawili. Nikasema, kama ni kwa ajili yake tu, sasa unaweza kuacha.

Pilau likapoa. Nikala. Upande wangu wote sikuumaliza, lakini niliitazama ncha moja ya ua jekundu ikitokea chini ya wali, na nikasema kumbe upande huu pia una maua. Miaka ishirini nayaosha masinia haya. Nayajua kwa kuyaosha, sikuwahi kuyafikia kwa kula.

Alhamisi, 3 Desemba, Msata

Nimekuja na lori lilelile la chumvi. Tulikwama mara mbili. Naandika huku nimekaa kwenye kitanda cha wageni.

Sijawahi kula kwa watu. Nikitembelea, huwa nimefunga. Mama Rajabu ni mwanamke wa kifua kipana, sauti ya soko, na kabla sijavua viatu sinia limeshawekwa. Ugali, kuku wa kienyeji, mchicha. Chakula chake, kwenye nyumba yake, mbele ya mwanangu. Nilimsikia mama wa kambo nyuma ya sikio langu, anajiandaa kuanza.

Mardhiya alikuwa kitandani, amejifunika, mtoto pembeni. Mzazi huletewa chakula chake peke yake. Akasema, "Mama mkwe, naomba nishuke nile na mama."

"Kwenye sakafu, na tumbo bichi hivyo?"

"Kwenye sakafu."

Akashuka, akakaa mbele yangu. Mama Rajabu akachukua paja, akalisukuma kwangu. "Kula, mke mwenza wa mjukuu wangu. Umekonda, barabara imekumaliza."

Nikalirudisha katikati. "Shoga, mimi nina dawa ninayotumia. Kila mtu upande wake, hakuna kusukumiana."

"Dawa gani hiyo isiyotaka paja?" Akalirudisha kwenye upande wake mwenyewe, akalitafuna. "Haya, nimekutibu."

Mardhiya akacheka akashika tumbo.

Nikala. Kila tonge nilimngoja yule mama wa kambo aseme namba, na mara nyingine alisema, na nikameza hivyohivyo, namba na ugali wake. Sikumtazama Mardhiya. Nilitazama sinia. Ugali ukashuka, mchuzi ukakaukia, bati likaonekana, jeupe, lenye mkwaruzo.

"Nimefikia hapa," nikasema.

Hakuna aliyeelewa ila mimi. Mama Rajabu akatoa sinia. Mardhiya alitazama mahali lilipokuwa. Kisha akamchukua mtoto, akamweka mapajani mwangu, akarekebisha mkono wangu ulioungua usimguse.

"Siku zangu arobaini nitaanzia hapa," akasema, "na zitakazobaki nitakuja kumalizia kwako, Ruvu ukipungua. Lakini mama, lile sinia lako la shughuli libaki ukutani. Tafuta dogo. Lile linatisha."

Ni mzito, kwa mtoto wa siku nne. Nikakisia kilo zake. Kisha nikaacha kukisia.

Jumamosi, 5 Desemba

Nimerudi Bagamoyo na lori. Nyumba kimya, mvua inadondoka kwenye beseni. Harusi ya Bwana Salumu ilikuwa leo; ngoma ilisikika mpaka huku, na harufu ya pilau, imeungua kidogo chini. Sikuchekelea sana.

Jumanne nitakwenda zahanati. Nesi anasema ni mwendo mrefu, na kilo thelathini na nane si salama. Mwalimu Gertruda alijitapisha jana, kaniletea salamu mwenyewe, aniambie yeye kabla sijasikia kwa watu. Nitamshika mkono.

Nimepika kibaba kimoja cha wali, samaki, tui jepesi. Nikakaa sebuleni, na mlango nikauacha wazi, wazi kabisa, kama watu wanavyokula. Watu wakapita. Wengine hawakutazama. Chausiku akapita na ndoo, akarudi nyuma hatua moja.

"Bi Sihaba, unakula?"

"Ninakula. Karibu."

"Starehe, mie nimeshakula." Akasimama hata hivyo, akatazama sahani, kisha akatazama kwingine kwa adabu. "Haya, endelea."

Nikaendelea.